Huduma ya elimu ya halmashauri za Dar: inatembea wapi, inakwama wapi

Mzazi wa Dar es Salaam mwenye mtoto shule ya serikali ni mteja wa halmashauri, ajue asijue. Mkoa huu una halmashauri 5: Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo hadi Februari 2021 ilikuwa Manispaa ya Ilala, na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Hizo ndizo zinazoendesha shule za awali, msingi na sekondari za umma. Hapa tunaipima huduma yao kama inavyopimwa huduma yoyote: unaahidiwa nini, unapata nini, na mambo yakikwama unagonga mlango upi.

Maoni yetu tunayatanguliza. Mambo yanayomalizikia shuleni na kwenye kata yanakwenda vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Yale yanayohitaji mwalimu mpya, kiwanja au fedha za ujenzi yanasota, na yanasota kwa sababu halmashauri imebebeshwa mzigo bila kukabidhiwa kamba zote za kuufunga.

Nani ameshika nini

Mwalimu huajiriwa kwa kibali cha serikali kuu na mshahara wake hutoka Hazina. Kupanda daraja na nidhamu yake viko kwa Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, iliyoundwa kwa sheria ya 2015. Mtaala ni wa Taasisi ya Elimu Tanzania, mitihani ya taifa ni ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani. Anayeingia darasani kuangalia ufundishaji ni mthibiti ubora, naye ni mtu wa Wizara ya Elimu. Halmashauri, chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, inabaki na majengo, madawati, takwimu, usimamizi wa fedha za shule na kuwapanga walimu kati ya shule moja na nyingine ndani ya mipaka yake.

Marekani, kwa mfano, wilaya nyingi za shule zina bodi zao zinazopigiwa kura na wakazi, na sehemu kubwa ya fedha hutokana na kodi ya majengo ya eneo hilohilo. Mkazi asiyeridhika anajua atamnyima nani kura. Kwetu bodi ya namna hiyo hakuna. Kuna diwani, kuna kamati ya madiwani inayoshughulikia elimu, na chini kabisa kuna kamati ya shule kwa msingi na bodi ya shule kwa sekondari. Kwa hiyo malalamiko ya mzazi yanapotea njiani kirahisi: amekwenda kumlalamikia mwalimu mkuu kuhusu upungufu wa walimu, jambo ambalo mwalimu mkuu hana uwezo nalo hata kidogo, halafu amenyamaza kuhusu matumizi ya fedha za shule, ambayo ana haki ya kuyahoji palepale getini.

Mlango wa kwanza baada ya mwalimu mkuu ni Afisa Elimu Kata, yule aliyekuwa akiitwa Mratibu Elimu Kata. Ofisi yake mara nyingi iko kwenye ofisi ya kata au ndani ya shule mojawapo. Ukimruka ukaenda moja kwa moja manispaa, utaulizwa kama kata wanalijua suala lako, kisha utarudishwa, na nauli imekwenda bure.

Kuandikisha darasa la kwanza

Kipengele hiki tunakipa alama 8 kati ya 10. Uandikishaji kwa kawaida hufunguliwa Oktoba na kuendelea hadi mwisho wa Desemba. Awali ni mtoto wa miaka 5, darasa la kwanza miaka 6. Nenda na cheti cha kuzaliwa. Kama bado unakifuatilia RITA, nenda na kadi ya kliniki, kwa sababu mtoto hatakiwi kukataliwa shule kwa kukosa cheti. Fomu haiuzwi. Akitokea mtu anakuomba fedha ya fomu au ya "nafasi", hilo ni la kupeleka kata siku hiyohiyo.

Kinachoharibu ni kuchelewa. Shule zinazosifika hujaa wiki za mwanzo, hasa kwa kuwa watoto waliosoma awali pale wanaendelea palepale, na nafasi zinazobaki kwa wageni ni chache. Zile za serikali za mchepuo wa Kiingereza, kama Olympio na Diamond pale Upanga, zina ushindani mkali zaidi, na mzazi asizihesabu kama nafasi ya uhakika. Mwenye mtoto mwenye mahitaji maalumu aulize idara ya elimu ya halmashauri kabla ya Oktoba, maana shule zenye vitengo hivyo ni za kuhesabika. Uhuru Mchanganyiko, kwa mfano, inapokea wanafunzi wasioona na wenye ulemavu wa akili.

Jambo dogo linalowatesa watu miaka baadaye ni jina. Mtoto akishaandikishwa huingizwa kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi ulio chini ya NECTA, na hupewa namba itakayomfuata. Jina lililoandikwa pale ndilo litakalotoka kwenye upimaji wa darasa la nne, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi na hatimaye vyeti. "Mohamed" ikiingia kama "Muhamedi", au jina la babu likiwekwa mahali pa jina la baba, kulisahihisha mapema ni kazi ya dakika chache kwa mwalimu wa takwimu. Ukisubiri mpaka mtihani umefanyika, utahangaika na viapo na barua. Omba uonyeshwe jina la mwanao kwenye mfumo mara mbili: akiwa darasa la tatu na mwaka mmoja kabla ya kumaliza msingi, ukiwa na cheti cha kuzaliwa mkononi, mlinganishe herufi kwa herufi.

Uhamisho

Dar watu wanahama nyumba kila kukicha, leo Sinza, kesho Chanika, kwa hiyo huduma hii ina kazi nyingi. Utaratibu ni mzuri kwenye karatasi. Unaanza na shule unayohamia, si unayotoka: unaomba nafasi, ukikubaliwa unapewa maandishi ya kukubaliwa. Unayapeleka shule ya zamani, mwalimu mkuu anaanzisha uhamisho kwenye PReM, ofisi ya elimu inaidhinisha, shule mpya inampokea mtoto ndani ya mfumo. Ukitoka halmashauri moja kwenda nyingine au mkoa mwingine, idhini zinaongezeka na siku zinaongezeka.

Linalotokea sana ni mtoto kuhama kwa miguu huku namba yake ikibaki shule ya zamani. Anasoma, anafanya majaribio, anaitwa kwa jina, kila mtu anamjua. Kisha anafika darasa la nne au la saba, orodha ya watahiniwa inachapishwa, hayumo. Yumo kwenye orodha ya shule aliyoiacha miaka 2 iliyopita. Wakati huo usajili wa mtihani unakaribia kufungwa au umeshafungwa. Kwa hiyo usiridhike na "mwache tu aanze kesho". Baada ya wiki 2 rudi kwa mwalimu wa takwimu umuulize kama mtoto ameonekana kwenye mfumo wa shule yake. Na usihamishe mtoto wa darasa la nne au la saba katikati ya mwaka kama unaweza kuvumilia.

Kutoka shule binafsi kuja ya serikali kuna kikwazo kingine: deni la ada. Shule ya zamani isipogusa kitufe, uhamisho hausogei. Malizana nao, au mwandikishane namna ya kulipa, kabla ya kumtoa mtoto. Alama 5 kati ya 10.

Fedha: hesabu ya Sh6,000

Hapa ndipo wazazi wengi wanapolaumu bila kujua, na hapa ndipo tunapoomba usome taratibu.

Elimumsingi bila malipo ilitokana na Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 na ilianza Januari 2016. Kidato cha tano na sita vikafutiwa ada kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Badala ya ada, serikali inatuma fedha za uendeshaji, ambazo walimu wanaziita kapitesheni. Kwa shule ya msingi ni Sh10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kiwango kilichorithiwa kutoka enzi za MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kati ya hizo, Sh4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu, na Sh6,000 huingia akaunti ya shule. Sekondari ni Sh25,000, nusu vitabu, nusu shule. Mbali na hizo kuna posho ya madaraka: Sh200,000 kwa mwezi kwa mwalimu mkuu, Sh250,000 kwa mkuu wa shule ya sekondari na Afisa Elimu Kata.

Chukua shule ya msingi yenye wanafunzi 1,500. Zidisha mara 6,000: Sh9,000,000 kwa mwaka, yaani Sh750,000 kwa mwezi. Sasa shule inataka kufanya jaribio moja la mwisho wa muhula. Masomo 6, kila somo karatasi 2 kwa mtoto: karatasi 18,000, sawa na rimu 36. Wakichapa pande zote mbili ni rimu 18. Weka rimu kwa Sh10,000 tu, bila wino wala mashine: Sh180,000 imekwenda kwa jaribio moja, karibu robo ya fedha za mwezi mzima. Bado chaki, bado LUKU, bado bili ya DAWASA, bado vitasa vilivyovunjika na choo kilichojaa. Mlinzi mara nyingi hana fungu kabisa. Mwalimu mkuu anayeandika maswali ubaoni badala ya kuchapa anafanya hesabu, na hesabu yake ni sahihi.

Sifa ya mfumo huu ni kwamba fedha zinakwenda moja kwa moja akaunti ya shule bila kupita mikononi mwa ofisi nyingi, na mapato na matumizi yanaandikwa kwenye FFARS, mfumo wa hesabu wa vituo vya huduma. Udhaifu ni kwamba shule nyingi za msingi hazina mhasibu. Mwalimu wa hisabati au yeyote anayejua kompyuta ndiye anayeingiza takwimu baada ya vipindi. Na fedha zinafuata idadi ya wanafunzi iliyoko kwenye mfumo, kwa hiyo wale watoto waliohamia kwa miguu wanakalia dawati la shule ambayo haikupata hata shilingi yao.

Shule inatakiwa kubandika mapokezi na matumizi kwenye ubao wa matangazo. Simama mbele ya ubao huo dakika 5. Tangazo zuri lina mwezi, kiasi kilichopokelewa, kilichotumika kwa kila fungu na salio, likiwa na mhuri. Ukikuta karatasi iliyopauka ya mwaka juzi, au ubao umejaa ratiba ya mitihani na picha ya mashindano ya UMITASHUMTA tu, muulize mwenyekiti wa kamati ya shule. Yeye ni mzazi mwenzako, mlimchagua, na kamati yake ndiyo inayopitisha matumizi.

Michango

Waraka Na. 3 wa 2016 ulieleza majukumu: mzazi anabaki na sare, madaftari, kalamu, matibabu na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, na baadaye ikafafanuliwa kwamba mwenye hiari ya kuchangia apitishe kwa Mkurugenzi wa halmashauri, mwalimu asishike fedha. Hiyo ndiyo kanuni. Mtaani utasikia hela ya uji, hela ya mlinzi, hela ya maji, hela ya mtihani wa Jumamosi, rimu moja kila mtoto.

Mchango halali unautambua hivi: uliamuliwa kwenye mkutano wa wazazi, kuna muhtasari wenye mahudhurio, kuna kibali cha halmashauri, unapewa stakabadhi, na mtoto ambaye mzazi wake hakutoa harudishwi nyumbani wala hasimamishwi mbele ya wenzake. Kimoja kikikosekana, hasa cha mwisho, una haki ya kuhoji. Ila tuseme ukweli: uji wa saa 4 unamsaidia mtoto wa darasa la kwanza kuliko vitu vingi vinavyonunuliwa kwa fedha kubwa zaidi. Shule ambazo wazazi wamekubaliana vizuri juu ya uji, wakachagua wazazi 3 wa kupokea unga na sukari kwa mizani na kuandika daftari, hazina ugomvi. Ugomvi unakuja pale fedha inapokusanywa na kiranja wa darasa na hakuna anayejua kilo ngapi zimenunuliwa.

Madarasa na walimu

Kiwango cha serikali ni mwanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja wa msingi, 25 kwa awali, na wanafunzi 40 kwa darasa moja la sekondari. Pembezoni mwa jiji, Mbagala, Chamazi, Kivule, Majohe, Chanika, darasa la watoto zaidi ya 100 halimshangazi mtu, na zipo shule zinazoingiza watoto kwa zamu, kundi la asubuhi na la mchana. Mtoto wa zamu ya mchana anapata vipindi pungufu na anarudi nyumbani magari yameshaanza kujaa, na konda wa daladala hampendi abiria wa Sh200 saa hiyo.

Halmashauri hazikulala. Mwaka 2021 fedha za UVIKO-19 zilijenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa Sh20 milioni kila moja, kisha zikaja fedha za miradi ya BOOST kwa msingi na SEQUIP kwa sekondari. Ujenzi huwa wa force akaunti: shule yenyewe inaunda kamati za manunuzi, mapokezi na ujenzi, inatafuta fundi wa mtaani na kununua vifaa. Ikisimamiwa vizuri inaokoa fedha na wazazi wanaona kila mfuko wa saruji. Inapoharibika huanzia mapokezi: nondo zinapokelewa bila kupimwa unene, mchanga unahesabiwa kwa lori bila kuangalia limejaa kiasi gani, na mwalimu anayesaini alikuwa darasani lori lilipofika. Siku hizi manunuzi yanapita kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya umma, na shule isiyo na kompyuta nzuri wala intaneti ya uhakika inapoteza wiki nzima kwa kazi ya siku moja.

Kikwazo kikubwa zaidi ni ardhi. Katikati ya makazi yaliyobanana hakuna kiwanja, kwa hiyo shule iliyofurika inagawanywa kuwa mbili ndani ya uzio uleule: majina mawili, walimu wakuu wawili, choo kilekile na uwanja uleule. Kwenye takwimu ni shule mpya. Kwa mtoto anayepanga foleni chooni hakuna kilichobadilika. Majengo ya ghorofa yaliyoanza kujengwa ndiyo jibu la kweli, na tungependa kuyaona mengi zaidi kabla ya kusikia jina la shule nyingine "mpya" ndani ya uzio wa zamani.

Kuhusu walimu, Mkurugenzi anaweza kumhamisha mwalimu toka shule moja hadi nyingine ndani ya halmashauri yake. Chombo hiki kinatumika kidogo kuliko inavyostahili. Shule za katikati ya mji zinaweza kuwa na walimu wa kutosha huku za pembezoni zikiwa na upungufu, na kila anayehamishiwa pembezoni analeta sababu ya ndoa, ugonjwa au umbali. Baadhi ya sababu hizo ni za kweli. Lakini takwimu za kila shule ziko mezani kwa afisa elimu, na kuzisawazisha hakuhitaji fedha ya kujenga. Alama 3 kati ya 10, na hii ndiyo alama inayotuumiza zaidi.

Januari 2028

Mtaala ulioanza kutumika 2024 unafanya elimu ya msingi kuwa miaka 6. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita 2027. Mwaka huohuo waliokuwa darasa la nne watamaliza la saba. Madarasa mawili yanatoka pamoja, yanaingia kidato cha kwanza pamoja, na elimu ya lazima sasa ni miaka 10, hivyo kundi hili litakaa sekondari hadi kidato cha nne.

Chukua kata yenye shule 3 za msingi zinazotoa wanafunzi 200 kila moja. Kwa kawaida sekondari inapokea 600, sawa na vyumba 15 vya wanafunzi 40. Mwaka 2028 ni 1,200, vyumba 30, na seti 600 za ziada za viti na meza, bila kusahau maabara na walimu wa fizikia na hisabati ambao tayari ni adimu.

Bajeti ya halmashauri huanzia kwenye maombi ya mitaa, hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata, hufika kwa madiwani miezi ya mwanzo wa mwaka na huanza kutumika Julai. Bajeti ya 2027/28 itaanza Julai 2027, na itaacha miezi 6 tu kabla kengele haijalia. Chumba kinachotakiwa kuwa na paa Januari 2028 kiandikwe kwenye bajeti ya mwaka unaotangulia, na ombi lake linaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa na Afisa Elimu Kata, likiwa na idadi ya wanafunzi wa kila shule ya msingi ya kata hiyo. Idadi hiyo wanayo kwenye mfumo. Iombeni.